Mpango Uliovuka Barabara

Tarakimu alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai mkononi alipomwona mchumba wake akitoka mlango wa mbele wa ofisi ya Jirani.

Hakuyaamini macho yake. Barabara ile ilikuwa pana na magari yalikuwa yakipishana, mtu angeweza kufananisha. Lakini urefu ule ulikuwa wa mtu mmoja tu mtaani hapo, na ile tabia ya kuinamisha kichwa kila anapopita mlangoni, hata mlango uwe mrefu namna gani, alikuwa ameitania mara nyingi mno asiweze kuikosea. Ni Nondo. Na aliyetoka nyuma yake, akamwekea mkono begani na kumwambia neno lililomchekesha, alikuwa Jirani mwenyewe, mwenye kampuni.

Tarakimu akarudi nyuma hatua moja ili asionekane. Baadaye alijiuliza kwa nini alijificha yeye, wakati hakuwa na kosa lolote. Moyo ulikuwa umekwisha kuamua kabla yake.

Jina la Tarakimu alipewa na wachoraji wa pale ofisini, kwa kuwa alikuwa mkadiriaji majenzi. Ukimpa mchoro wa nyumba ambayo haijachimbiwa hata msingi, atakuambia itakula saruji kiasi gani, mbao kiasi gani, na mkandarasi atajaribu kukupiga chenga wapi. Kampuni ilikuwa ya baba yake, ambaye kila mtu alimwita Mzee, wakiwemo waliomzidi umri. Hawakubeba tofali wala kuchanganya zege. Kazi yao ilikuwa ushauri: kuchora, kupima, kukadiria na kusimamia, wengine wakajenga. Ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha, kulikuwa na kampuni nyingine ya kazi hiyo hiyo, ya mtu aliyesoma darasa moja na Mzee. Zamani wawili hao walikuwa chanda na pete. Baadaye walianza kugombea kazi zilezile, na urafiki ukabaki wa kupungiana mikono kupitia vioo. Ndiyo maana akaitwa Jirani, jina ambalo nyumbani kwa Mzee lilitamkwa kwa midomo iliyobanwa kidogo.

Nondo naye alikuwa mhandisi, na alianzia kazi huko huko kwa Jirani. Aliondoka baada ya kukataa kuipitisha nguzo aliyoona haikujengwa sawasawa, akavuka barabara na kuomba kazi kwa Mzee. Alikuwa mrefu, mwembamba na mgumu kunyumbulika, hilo jina likamkaa bila kutafutwa. Mwanzoni wachoraji walisema ana nondo mwilini na zege mdomoni, maana mbele ya Tarakimu alikuwa domo zege kwelikweli. Aliweza kuzungumza nusu siku kuhusu boriti, lakini akiulizwa kama anataka chai na yeye, anaangusha kalamu.

Kilichomfungua mdomo ni shida. Mwaka ule ujenzi ulikuwa umekufa ganzi. Winchi zilisimama angani bila kugeuka, na majengo yaliyoachwa njiani yalianza kuota majani kwenye ngazi zisizofika popote. Wateja waliokuwa wakipiga simu kutwa sasa hawakupokea. Kampuni za ushauri zilinyang'anyana vizabuni ambavyo zamani zisingevigusa, nyingine zikikubali ada isiyotosha hata umeme wa ofisi, ilimradi jina lisife. Kwa Mzee, chumba cha wachoraji kilichokuwa kikivuma kama mzinga wa nyuki kilibaki na viti vitupu. Mzee aliwaaga vijana wake mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeondoka alimpunguzia sauti, hata ikafika mahali akawa anazungumza kama mtu aliye hospitali.

Ndipo alipomwambia binti yake aandike mpango mkakati, njia ya kuivusha kampuni katika ukame huo. Tarakimu alimwomba Nondo amsaidie upande wa uhandisi.

Wazo walilopata lilikuwa jepesi kulisema. Kama watu hawajengi mapya, yaliyokwisha kujengwa bado yanazeeka. Kuta zinapata nyufa, paa zinavuja, mabomba yanaoza ndani ya kuta. Wenye shule, zahanati na maghorofa ya kupangisha hawana uwezo wa kujenga upya, lakini hawawezi kuacha majengo yawaangukie watu. Kampuni iende kwa hao, iyachunguze majengo yao, iwapangie matengenezo ya miaka mingi mbele, wajue kipi kiwahiwe na kipi kinaweza kusubiri. Mhandisi aseme jengo linaumwa wapi, mkadiriaji aseme matibabu yaanzie wapi. Nondo ndiye aliyeliita wazo hilo "hospitali ya majengo", na Tarakimu alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akaliandika.

Siku za mapumziko walizunguka mitaa wakitazama majengo ya watu. Wapenzi wengine hutazamana. Hawa walitazama nyufa, kisha wakatazamana. Siku moja, chini ya kibaraza kilichoinama, Nondo alimwambia anampenda, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kibaraza kinahitaji nguzo, hivyo Tarakimu alilazimika kumwomba arudie sehemu ya kwanza.

Mzee aliusoma mpango, akautia kabatini, akasema usitajwe kwa mtu mpaka siku ya kikao. Nje ya familia, aliyeujua ni mtu mmoja tu. Na mtu huyo sasa alikuwa akicheka mlangoni kwa Jirani.

Nondo aliporudi ofisini alikuja moja kwa moja mezani kwake, kama kawaida, akasogeza kiti na kuuliza kama amekula.

"Ulikuwa wapi?" Tarakimu akauliza bila kuinua macho.

"Nilipita maabara. Kuulizia vile vipande vya zege."

Alisema haraka mno, kisha akajishughulisha na kamba ya kiatu. Tarakimu alikuwa amewapigia maabara simu asubuhi hiyo hiyo, na waliomjibu walimwambia mtambo umeharibika, wamefunga. Alimtazama yule mwanamume ambaye mikono yake aliijua, ambaye kovu la kidole gumba alilijua lilitoka wapi, akaona kama anamtazama mtu aliyeketi karibu naye stendi.

Tangu hapo shaka ikamwingia. Kila jambo dogo lilipata maana. Nondo akitoka nje kupokea simu, kwa nini atoke? Tarakimu akimkuta anazungumza na Mzee faraghani na wote wakanyamaza, walikuwa wakizungumza nini? Alimtega kwa maswali madogo madogo, yaliyovikwa nguo za utani. Je, huko ng'ambo bado wana ile mashine ya kahawa inayolia? Nondo akajibu hajui, akabadilisha mazungumzo. Jibu la mtu asiyejua huja na kicheko. La Nondo lilikuja limekunja ngumi.

Nyumbani shangazi yake hakumsaidia. Shangazi alikuwa dada wa Mzee, msimamizi wa ofisi tangu kampuni ilipokuwa chumba kimoja, na ndiye aliyemlea Tarakimu baada ya mama yake kufariki. Nondo hakuwahi kumpendeza. Alisema mwanamume aliyewahi kulishwa ng'ambo ladha haimtoki ulimini, na kwamba mtu anayebadilisha ofisi kama shati atabadilisha na mke. Zamani Tarakimu alimbishia. Wiki ile alimsikiliza akimenya viazi, na ukimya wake ukamfanya shangazi ageuke.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna, shangazi."

"Mhm. Hilo 'hakuna' nalijua. Na mimi nilikuwa nalo nilipokuwa na mume."

Tarakimu akaenda kulala mapema na hakulala.

Siku ya kikao ilianza na redio. Shangazi alikuwa akiisikiliza mapokezi, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Jirani, imejaa na kunata, ikieleza jinsi kampuni yake ilivyopata kazi ya kuchunguza nyumba zote za shirika kubwa la kupangisha. Wakati huu si wa kulilia majengo mapya, alisema, ni wa kuyatibu tuliyonayo. Wao wamefungua hospitali ya majengo.

Tarakimu alikuwa mlangoni, mkoba begani. Maneno hayo matatu yalimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Mtu mwingine anaweza kupata wazo kama lako, dunia ni pana. Lakini jina lile lilizaliwa kwenye ngazi za zahanati fulani, wakiwa wawili, mmoja akiwa na vumbi kichwani na mwingine akilifuta.

Walikaa kikaoni watu wachache waliobaki: Mzee kwenye kiti chake cha mwisho wa meza, Shangazi, mchoraji mkuu, Nondo, na Tarakimu aliyetakiwa kuwasilisha. Alisimama. Hakufungua kompyuta.

Alieleza kwa ufupi kilichosikika redioni, na kwamba ndio mpango ule ule aliokuwa aje kuuwasilisha. Mchoraji mkuu akashika kichwa. Shangazi akamtazama Nondo waziwazi. Nondo alikuwa amegeuka rangi, lakini hakumtazama Shangazi wala Tarakimu. Alimtazama Mzee.

"Mhandisi," Tarakimu alisema, na kule kumwita kwa cheo kulimfanya Nondo akunje uso kama aliyekanyaga msumari. "Nina swali moja. Ulikwenda kwa Jirani, ndiyo au hapana?"

Nondo bado alikuwa akimtazama Mzee, na kwenye macho yake kulikuwa na kitu ambacho Tarakimu alikisoma kama kuomba huruma. Mzee aliinamia miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaishika kwenye mwanga, akaifuta tena.

"Nilikwenda," Nondo akasema.

"Ulimweleza mpango wetu?"

"Nilimweleza."

"Na maabara?"

Hapo ndipo alipomgeukia. "Sikwenda maabara. Nilikudanganya."

Tarakimu alikuwa amejiandaa kwa kukana. Alikuwa na majibu ya kila uongo, amepanga usiku kucha. Kwa ukweli hakuwa na kitu. Alijisikia akisema, kwa sauti ambayo hakuijua, kwamba basi hakuna la kuzungumza zaidi, sio hapa na sio mahali pengine. Nondo akangoja kidogo. Hakumngoja Tarakimu, ingawa Tarakimu hakulielewa hilo wakati ule. Kisha akachukua koti lake, akainamisha kichwa, akapita mlangoni.

Shangazi alishusha pumzi na kusema ni heri mapema kuliko baadaye. Mzee alisema kikao kimeahirishwa.

Siku zilizofuata Tarakimu alifanya kazi kama mashine. Nondo alipiga simu, hakupokea. Kisha simu zikakoma, na hilo likamkata maini zaidi ya zile simu. Alijaribu kumchukia na ikawa kazi ngumu kuliko zote, maana kila alipoifikia chuki ilikuwa imevaa lile koti la kijivu na inamuuliza kama amekula. Halafu kulikuwa na lile neno "nilimweleza". Msaliti gani asiyejitetea? Mtu aliyeuza siri angepiga kelele, angetukana, angelia. Alilizungusha neno hilo kichwani na kila mara halikukaa sawa, kama hesabu iliyobaki na kipande mkononi.

Jumapili mchana Jirani akaja nyumbani.

Hakuwa amekanyaga pale tangu Tarakimu akiwa msichana mdogo. Alikuja amevaa vizuri, amejaa mlango mzima, na alipomwona Tarakimu akafungua mikono kama mtu wa familia.

"Shikamoo, baba mdogo," Tarakimu akasema, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa kumwita akiwa mtoto, na ulimi ukamtangulia.

"Marahaba, binti yangu. Hongera. Kazi safi kabisa uliyoifanya."

Tarakimu hakuelewa anapongezwa kwa lipi. Jirani aliketi, kiti kikalalamika, akaendelea kumwaga maneno. Alisema amesoma mipango mingi maishani, lakini huu una akili. Alisema kiti cha Tarakimu kinamngoja ng'ambo, ofisi ya pembeni yenye madirisha mawili.

"Na yule kijana wenu mrefu, anajua kueleza. Alisimama pale ubaoni kwangu akatuchorea kila kitu, baba yako ameketi pembeni anatabasamu kama bwana harusi. Nikamwambia baba yako, huyu mtu nilimwacha vipi aondoke?"

Kilichobaki cha ziara hiyo Tarakimu hakukisikia. Aliona midomo ya Jirani ikienda, aliona baba yake akijaribu kuyageuza mazungumzo kwenye afya na hali ya hewa, uso umemshuka. Mgeni alipoondoka, Mzee alimsindikiza hadi getini na akachelewa kurudi, kama mtu anayetumaini kwamba akikawia vya kutosha, wa ndani watakuwa wamelala.

Tarakimu alikuwa bado amesimama palepale.

"Baba, ulikuwepo."

Mzee akaketi. Akavua miwani. Binti yake akaichukua taratibu kutoka mkononi mwake na kuiweka mezani, asipate cha kufuta.

Basi akaeleza. Kampuni ilikuwa imekwisha. Haikuwa inaumwa, ilikuwa imekwisha. Hakuwa na pumzi ya kungoja mpango wowote uzae matunda, hata uwe mzuri namna gani. Jirani alikuwa nayo. Wakakubaliana kimyakimya: Jirani ataichukua kampuni, watu wote waliobaki watavuka barabara na kazi zao, na kilichomfanya Jirani akubali ni mpango ule. Alimchukua Nondo kwenda kuueleza kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kueleza upande wa uhandisi, kisha Nondo akatangulia kutoka, yeye akabaki ndani. Alimwambia ni ushirika wa kampuni mbili. Akamwomba asimwambie Tarakimu, kwamba yeye baba anataka kumpa habari hiyo mwenyewe.

"Na akakubali?"

"Alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kumtuma jambo la siri." Mzee alisita. "Nadhani alifikiri nimemkubali."

Tarakimu akashika mgongo wa kiti. Sasa aliyaona macho yale ya Nondo kikaoni jinsi yalivyokuwa. Hayakuomba huruma. Yalikuwa yakimwomba mzee mmoja aseme sentensi moja.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Mpango ule niliuandika ili ofisi yako isife, sio ili upeleke mahari kwa Jirani. Na kikaoni? Nilipomuuliza mbele ya watu?"

"Sikupanga iwe vile, mama. Nakuapia. Ulipoanza kumuuliza, nilinyamaza tu."

"Ulinyamaza kwa sababu ukimya wako ulikuwa unakufanyia kazi."

Kwa sauti ndogo, Mzee alikiri kwamba Jirani alitaka Nondo aje pamoja nao, na yeye Mzee ndiye aliyesema Nondo kwanza angoje. Alifikiri wakikaa mbali kidogo, pengine binti yake angetazama tena, angeona wanaume wengine, wenye ardhi imara chini ya miguu. Alisema anamwogopea. Alisema mwanamume asiye na kazi wakati kama huu atamburuta. Tarakimu alimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu ni baba yake na kwa sababu aliona mikono yake ikipapasa mezani kuitafuta miwani. Kumwonea huruma hakukumzuia kukasirika, na kukasirika hakukuiondoa huruma. Vyote viwili vilikaa kifuani vikibanana.

Shangazi alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia. Hakuna aliyejua amesikia kiasi gani, mpaka alipoliweka sinia chini.

"Kaka," alisema, "yule kijana simpendi, unajua. Lakini hapa umemkosea. Na umenifanya na mimi nimkosee."

Tarakimu alimwambia baba yake kwamba ile ofisi ya madirisha mawili ampe mtu mwingine. Kisha akavaa viatu.

Nyumbani kwa Nondo mlango ulikuwa umefungwa, na simu yake iliita bila jibu, jambo ambalo Tarakimu aliliona ni haki ya Nondo. Aliketi kwenye ukuta mfupi wa nje akijaribu kufikiri kama mtu wa makadirio na sio kama mtu anayelia. Yule mtu hajui kuacha kazi nusu. Kazi gani aliyoiacha nusu? Ikamjia. Kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye ghorofa la kupangisha, aliyewaruhusu wajaribishe uchunguzi wao kwake kabla ya kuupeleka kwa wengine, na Nondo alikuwa amemwahidi kumpa majibu.

Alimkuta ghorofa ya juu kabisa, amepiga goti kwenye korido, anapima upana wa ufa ulioshuka kutoka pembe ya dirisha. Alisikia hatua zake, mkono ukasimama, lakini hakugeuka.

"Ni wa plasta tu," alisema. "Haujaingia ndani."

"Nondo."

"Nilimwahidi mama mwenye nyumba."

"Najua. Jirani amekuja nyumbani leo. Amesema kila kitu bila kujua anasema nini. Na baba amemalizia."

Hapo akageuka. Alikuwa amekonda, na kwa mtu kama yeye hilo lilionekana mara moja. Tarakimu alikuwa ameandaa maneno njiani, yote yakamkimbia.

"Naomba unisamehe," alisema. "Sina maelezo. Nilikuona unatoka kule unacheka, na tangu siku hiyo sikukuuliza swali hata moja la kweli. Nilikuwa nakutega."

"Nilijua unanitega." Nondo akainuka, magoti yakalia. "Na mimi niliendelea kukudanganya. Nilijiambia ni siku chache tu, Mzee atasema, tutacheka. Nilitaka mno kuwa mtu anayetumwa na baba yako." Alitazama dirisha. "Kunishuku sikulaumu. Na mimi ningekushuku. Kilichoniuma ni kwamba uliniuliza mbele ya watu. Ulikuwa na jioni zote zile, tumekaa wawili, na hukuniuliza. Ukanisubiri nikae kwenye kiti, mezani, ukaniita Mhandisi."

Machozi yalimshuka Tarakimu na hakuyafuta. Nondo alinyoosha mkono kama atayafuta yeye, ukaishia njiani, ukarudi.

Simu ikaita mfukoni mwake. Akaitoa, akaitazama, na Tarakimu bila kutaka akaliona jina. Ni Jirani.

Ile shaka ikainua kichwa pale pale, haikuwa na aibu. Jirani anamtafuta Jumapili? Kwa mara ya ngapi? Je, mtu huyu anayelalamika kuumizwa tayari amekwisha kukubaliana naye? Maswali yalimjia ulimini yamejipanga. Tarakimu akayaacha yapite, moja baada ya moja, na ilimgharimu.

"Hutaki kujua anataka nini?" Nondo akauliza, akimtazama sana.

"Nataka. Nataka mpaka basi. Lakini ni simu yako."

Simu ikaendelea kuita. Nondo akabonyeza, akaweka sauti ya nje, na korido ikajaa ile sauti iliyonona ya Jirani. Alimsalimu, akalalamika kwamba ameahidiwa jibu na hapewi, akasema mkataba uko tayari na anamtaka kesho asubuhi.

"Mkuu, sipo peke yangu," Nondo akasema. "Niko na mwenzangu hapa, anasikia. Sema tu."

"Mwenzako?" Jirani akashangaa. "Mwenzako yupi? Si nimeambiwa huna mtu?"

Nondo alimtazama Tarakimu, akaishika simu katikati yao, na safari hii Tarakimu ndiye aliyekuwa akingojwa aseme.

Tarakimu akafuta uso kwa kiganja, akasogea karibu.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema. "Ni mimi. Mwenzake ni mimi. Na sote wawili hatuji huko."

Nondo akakata simu kabla Jirani hajapata pumzi. Walisimama hivyo kwa muda, kila mmoja akimwogopa mwenzake kidogo. Kisha Nondo akamkabidhi ncha moja ya futi ya kupimia na kumwomba aishike pale juu, kwenye pembe ya dirisha, na Tarakimu akaishika.

"Umekula?" Nondo akauliza, akiwa amempa mgongo.

"Bado," Tarakimu akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akahisi njaa.